Waigizaji wa kike wa Uswisi: uanze na Andress, Pulver, Schell au Keller?

Mwombe mpenzi wa filamu amtaje mwigizaji mmoja wa kike kutoka Uswisi. Atakwambia Ursula Andress, na papo hapo atakumbuka ufuo wa Jamaika, bikini nyeupe na kisu kiunoni. Jibu hilo ni sahihi, lakini wengi huishia hapo, wakaona kana kwamba nchi ile ilitoa mwanamke mmoja aliyetoka majini mwaka 1962, basi. Miaka hiyohiyo kulikuwa na Liselotte Pulver, ambaye Wajerumani walijaa kwenye majumba ya sinema kumsikia akicheka. Kulikuwa na Maria Schell, aliyepewa tuzo Venice kwa kuigiza dobi wa Paris. Baadaye akaja Marthe Keller, ambaye ameigiza kwa lugha tatu na akaongoza opera katika jumba kubwa kuliko yote New York.

Makala hii ni ya mtu anayetaka kuwajua wanawake hawa na hajui amshike nani kwanza. Nitawapanga wawili wawili, kwa sababu ukimtazama mmoja peke yake huoni alichochagua wala alichokiacha. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa macho yangu, Schell ndiye aliyekuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote, na Keller ndiye aliyeishi maisha ya sanaa yaliyotimia zaidi. Hata hivyo si lazima uanze na mmoja wao. Inategemea unatafuta nini.

Lugha nne, soko dogo

Ili uwaelewe, anza na lugha. Uswisi ina watu wapatao milioni 9 na lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Msanii wa Dar es Salaam akicheza filamu kwa Kiswahili, anaeleweka Mombasa, Bukavu na Bujumbura bila kubadilisha neno. Msanii wa Bern akiongea lahaja ya Kijerumani ya kwao, mtu wa Geneva, mji wa Kifaransa ambako treni hufika chini ya saa mbili, haambulii kitu, na hata Mjerumani wa Hamburg atahitaji maandishi ya tafsiri chini ya kioo.

Kwa hiyo mwigizaji wa Uswisi mwenye ndoto kubwa hukutana na swali ambalo mwenzake wa Paris au Berlin haulizwi: nitafanya kazi kwa lugha ya nani? Munich, Paris, Roma na Hollywood zote ziko wazi, ila kila mji una bei yake. Ukilifuata swali hilo moja, maisha ya wanawake hawa yanaanza kueleweka, maana bei hiyo mara nyingi ililipwa kwa sauti.

Andress na Pulver: mabinti wawili wa Bern

Pulver alizaliwa Bern tarehe 11 Oktoba 1929. Andress alizaliwa Ostermundigen, mji ulio ubavuni mwa Bern, tarehe 19 Machi 1936. Wametoka sehemu moja, wamepishana miaka isiyofika saba, na wote wawili walifika kwenye filamu za Kiingereza kati ya mwaka 1958 na 1962. Ndiyo maana napenda kuwalinganisha. Mwanzo wao unafanana sana, na njia zao hazifanani hata kidogo.

Andress aliondoka nyumbani akiwa msichana mdogo, akaenda Roma, akapata vijisehemu kwenye filamu za Kiitaliano katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1955 alipata mkataba na kampuni ya Paramount huko Hollywood, lakini mkataba huo haukumpa filamu ya maana. Mwaka 1957 aliolewa na John Derek, mwigizaji aliyekuja kuwa mpiga picha na mwongozaji, waliachana 1966. Ndipo ikaja "Dr. No", filamu ya kwanza ya James Bond. Andress akacheza Honey Ryder, mwokota makombe ya baharini, na ile dakika ya kutoka majini ikageuka kuwa moja ya picha zinazojulikana zaidi katika historia ya sinema.

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Lafudhi yake ilikuwa nzito, na watengenezaji hawakuitaka. Maneno ya Honey Ryder yalisemwa na mwanamke mwingine, Nikki van der Zyl, na wimbo anaouimba pale ufukweni uliimbwa na Diana Coupland. Tunayemwona ni Andress, tunayemsikia siye. Mwanamke maarufu kuliko wote kutoka Uswisi alipata umaarufu huo akiwa amenyamazishwa, na jambo hilo linaniuma kila ninapoitazama filamu hiyo, kwa sababu uso wake unaonyesha wazi kwamba anaigiza. Hakusimama pale kama sanamu.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 1963 aliigiza na Elvis Presley katika "Fun in Acapulco", na na Frank Sinatra na Dean Martin katika "4 for Texas". Mwaka 1964 alipata tuzo ya Golden Globe ya nyota mpya, pamoja na Tippi Hedren na Elke Sommer. Mwaka 1965 alicheza malkia asiyekufa katika "She", na mwaka huohuo akasimama na Marcello Mastroianni katika filamu ya Kiitaliano "La decima vittima", hadithi ya zama zijazo ambako watu wanawindana kwa mujibu wa sheria. Hiyo ndiyo ninayompendekezea mtu anayedhani Andress ni bikini tu. Humo ni mwindaji, ana akili, anachekesha, na hasubiri mwanamume amwokoe. Mwaka 1981 alicheza Aphrodite katika "Clash of the Titans". Mwaka mmoja kabla alikuwa amejifungua mtoto wake, Dimitri, akiwa na miaka 44. Ile bikini yenyewe iliuzwa kwenye mnada jijini London mwaka 2001 kwa zaidi ya pauni 35,000.

Pulver hakukimbilia mbali. Alisomea uigizaji palepale Bern, akapanda jukwaa la Schauspielhaus ya Zürich, kisha akavuka mpaka kwenda Ujerumani Magharibi, ambako kulikuwa na kazi na ambako lugha, ukiacha lahaja, ilikuwa yake. Mwaka 1954 alirudi kucheza filamu ya kwao, "Uli der Knecht", kutoka riwaya ya Jeremias Gotthelf, mwandishi ambaye watu wa Bern wanamwona wa kwao kabisa. Mwaka uliofuata akacheza binti wa mkuu wa stesheni ya reli huko Hungaria katika "Ich denke oft an Piroschka". Filamu hiyo ndiyo iliyowafanya Wajerumani wampende. Kisha mwaka 1958 ikaja "Das Wirtshaus im Spessart": binti wa kabaila anayevaa mavazi ya kiume na kuingia katikati ya majambazi wa msituni.

Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha kutoka tumboni, kisichokuwa na haya. Katika Ujerumani iliyokuwa ikijijenga upya baada ya vita, watu walilipa nauli na tikiti ili wakisikie. Hapo ndipo tofauti yake na Andress inapokaa. Mmoja aliuzwa kwa sura huku sauti ikiwekwa kando. Mwingine aliuzwa kwa sauti, na sura ikafuata.

Hollywood ilimfuata Pulver kwa njia yake. Mwaka 1958 Douglas Sirk, Mjerumani aliyehamia Marekani, alimpa nafasi kuu katika "A Time to Love and a Time to Die", hadithi ya mapenzi ya mwanajeshi na binti katikati ya mji unaoshambuliwa kwa mabomu. Hapo hachekeshi, na anayedhani alikuwa mchekeshaji tu atashangaa. Mwaka 1961 Billy Wilder alimchukua acheze katibu muhtasi wa bosi wa Coca-Cola mjini Berlin katika "One, Two, Three". Walikuwa bado wanapiga picha wakati ukuta wa Berlin ulipojengwa tarehe 13 Agosti 1961, ikabidi sehemu iliyobaki ikamilishwe Munich. Filamu ya kuchekesha kuhusu mji uliogawanyika ilitoka wakati ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka juu ya mji huo, na haikufanya vizuri. Ilipooneshwa upya Ujerumani Magharibi mwaka 1985, watu walijaa. Tafuta mahali Pulver anapocheza dansi juu ya meza ya hoteli: ni dakika chache zinazotosha kueleza kwa nini Wilder alimtaka. Mwaka 1964 akatajwa kuwania Golden Globe kwa nafasi ya kusaidia katika "A Global Affair".

Baadaye alihamia kwa watoto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana kwenye "Sesamstraße", kipindi cha watoto cha televisheni ya Ujerumani, na kizazi kizima kikamjua kama Lilo. Nyumbani kwake hakukukosa msiba: alimpoteza binti yake mwaka 1989, na mumewe, mwigizaji Helmut Schmid, mwaka 1992. Aliendelea kufanya kazi. Filamu yake ya mwisho ya sinema, "Das Superweib", ni ya 1996. Uzeeni alirudi kuishi Bern.

Ukiwatazama hawa wawili, kumbuka jambo moja la kwao. Wanawake wa Uswisi hawakuwa na haki ya kupiga kura ya taifa hadi tarehe 7 Februari 1971. Andress alipokuwa anajulikana Tokyo na Buenos Aires, Pulver alipokuwa akitajwa kwenye tuzo za Kimarekani, hakuna hata mmoja wao ambaye angeruhusiwa kuchagua mbunge huko Bern. Pulver alikuwa na miaka 41 haki hiyo ilipopatikana.

Pulver na Schell: kicheko na chozi

Katika miaka ya 1950 majarida ya Kijerumani yaliwapenda wote wawili, na mtazamaji alikuwa na wa kumchagua kulingana na hali ya moyo wake. Siku ya furaha, Pulver. Siku ya kulia, Maria Schell.

Schell alizaliwa Vienna tarehe 15 Januari 1926. Baba yake alikuwa mwandishi wa Uswisi, mama yake mwigizaji wa Austria, na ndugu zake nao wakaingia kwenye sanaa. Maximilian, mdogo wake, alipata Oscar kwa "Judgment at Nuremberg" ya 1961. Hitler alipoimeza Austria mwaka 1938, familia ilihamia Zürich. Hivyo Maria alifika katika nchi ya baba yake akiwa mtoto anayekimbia hatari. Akiwa na miaka 16 alicheza filamu yake ya kwanza, "Steibruch", iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1942 wakati vita vikiwa vimeizunguka nchi pande zote. Wapo wanaobisha kama ni Mswisi au Mwaustria. Alikuwa vyote viwili, na sioni haja ya kumpunguza upande mmoja.

Kinachomtofautisha na wenzake wote katika makala hii ni uso. Aliweza kutabasamu huku machozi yakimlengalenga, na mtazamaji akaamini vyote viwili kwa wakati mmoja. Wakosoaji wengine walichoka na jambo hilo, wakaliona kama mazoea. Nawaelewa, lakini wamtazame katika "Die letzte Brücke" ya 1954, akicheza daktari wa Kijerumani aliyetekwa na wapiganaji wa Yugoslavia, ambaye inambidi aamue kama atawatibu watu ambao jeshi lake linawaua. Hapo machozi yana kazi. Tamasha la Cannes lilimtambua kwa nafasi hiyo. Mwaka 1956 akapewa kombe la Volpi huko Venice, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa "Gervaise", filamu ya Kifaransa ya René Clément kutoka riwaya ya Émile Zola. Gervaise ni dobi mwenye maisha magumu: ana mume mlevi, watoto, deni, na ndoto ndogo ya kuwa na duka lake la kufulia. Schell hamlilii. Anafua, anapiga pasi, anapigana hadi nguo zinachanika, na taratibu unaona mwanamke mwenye nguvu akimalizwa na umaskini na pombe. Sijaona mwigizaji mwingine wa nchi ile aliyefika kina hicho.

Kabla ya hapo, mwaka 1953, alikuwa ameigiza na Trevor Howard katika "The Heart of the Matter", filamu ya Kiingereza ambayo hadithi yake inatokea Sierra Leone wakati wa vita. Waafrika humo wamebaki pembeni, kama ilivyokuwa kawaida ya filamu za wakati ule, na mtazamaji wa kwetu ataliona hilo mara moja. Mwaka 1957 Luchino Visconti alimweka na Mastroianni katika "Le notti bianche". Halafu Hollywood: Grushenka katika "The Brothers Karamazov" ya 1958, nafasi ambayo Marilyn Monroe alikuwa ameitamani, "The Hanging Tree" na Gary Cooper mwaka 1959, "Cimarron" na Glenn Ford mwaka 1960. Kwa miaka minane hivi alikuwa na Cannes, Venice, Visconti na Hollywood. Hakuna Mswisi mwingine wa kike mwenye orodha kama hiyo.

Kisha mambo yakabadilika. Vijana waliokuja kutengeneza filamu Ujerumani katika miaka ya 1960 hawakutaka nyota wa enzi ya baba zao. Schell alipata kazi za televisheni na sehemu ndogondogo, ikiwemo moja katika "Superman" ya 1978. Uzeeni aliishi kwenye nyumba ya familia huko Preitenegg, kijiji cha milimani Austria, akisumbuliwa na huzuni nzito na maradhi yaliyomla kumbukumbu. Mwaka 2002 Maximilian alitoa filamu juu yake, "Meine Schwester Maria", ambamo tunamwona kitandani akitazama filamu zake za zamani kwenye televisheni. Alifariki tarehe 26 Aprili 2005 akiwa na miaka 79.

Kwa hiyo kati ya Pulver na Schell, chaguo si la nani alikuwa bora. Pulver alijua kubadilika: filamu zilipomwishia alihamia kwa watoto, na watoto wakampokea. Schell alikuwa na kipaji kikubwa zaidi na kinga ndogo zaidi. Anayesomea uigizaji amtazame Schell. Anayetaka kujua jinsi msanii anavyodumu amfuate Pulver.

Marthe Keller, na kwa nini ninampa nafasi ya juu

Keller alizaliwa Basel tarehe 28 Januari 1945. Basel iko pale Uswisi inapokutana na Ujerumani na Ufaransa, na nikiyatazama maisha yake naona kana kwamba aliuchukua mji huo akatembea nao. Alitaka kuwa mcheza baleti. Ajali ya kuteleza kwenye theluji ilimkatiza akiwa na miaka 16, akageukia uigizaji, akausomea Munich, kisha akafanya kazi jukwaani Berlin. Alipohamia Ufaransa aliigiza kwa mwongozaji Philippe de Broca, ambaye alizaa naye mtoto wa kiume, na mwaka 1972 tamthilia ya televisheni "La Demoiselle d'Avignon" ikamfanya ajulikane katika kila nyumba ya Ufaransa. Claude Lelouch alimpa nafasi kuu katika "Toute une vie" ya 1974. Ndipo Wamarekani wakamwita.

"Marathon Man" ya 1976, akiwa na Dustin Hoffman na Laurence Olivier, ndiyo filamu yake inayojulikana zaidi. Ilimpa nafasi ya kutajwa kwenye Golden Globe. Mwaka 1977 zilifuata "Black Sunday" na "Bobby Deerfield", hii ya pili akiwa na Al Pacino. Kisha mwaka 1978 akaja Billy Wilder, yuleyule aliyemwongoza Pulver miaka 17 nyuma, na filamu "Fedora", juu ya nyota wa sinema aliyejificha kisiwani Ugiriki.

Hapa lile suala la sauti linarudi kwa namna ambayo hakuna mtunzi angeibuni. Katika "Fedora" kuna wahusika wawili, mmoja wa Keller na mwingine wa Hildegard Knef, ambao sauti zao zinapaswa kufanana. Kwa nini zifanane, filamu yenyewe itakwambia. Wilder alipoitazama kazi yake aliona sauti za waigizaji hao hazikaribiani, na Kiingereza chao hakieleweki vizuri. Akamweka mwanamke mwingine, Inga Bunsch, azungumze kwa niaba ya wote wawili katika toleo la Kiingereza. Lakini katika toleo la Kijerumani Knef aliwasemea wote wawili, na katika toleo la Kifaransa Keller ndiye aliyewasemea wote wawili. Andress alinyang'anywa sauti ikaishia hapo. Keller alinyang'anywa kwa Kiingereza, akaichukua mara mbili kwa Kifaransa.

Hollywood ingeweza kuwa mwisho wa simulizi yake, kama ilivyokuwa kwa wengi kutoka Ulaya. Kwake haikuwa hata nusu. Alirudi Ulaya, akacheza katika "Oci ciornie" ya Nikita Mikhalkov mwaka 1987, tena na Mastroianni, mwanamume ambaye inaonekana kila mwigizaji wa Uswisi alipaswa kupita kwake. Akasimama mbele ya okestra kama Jeanne d'Arc katika kazi ya Arthur Honegger, mtunzi mwenye wazazi wa Uswisi, na rekodi yake akiwa na Seiji Ozawa ipo. Akaanza kuongoza opera: "Dialogues des Carmélites" Strasbourg mwaka 1999, na "Don Giovanni" ya Mozart kwenye Metropolitan Opera ya New York mwaka 2004. Katikati, mwaka 2001, alipanda jukwaa la Broadway katika "Judgment at Nuremberg" pamoja na Maximilian Schell, mdogo wake Maria, akatajwa kuwania tuzo ya Tony. Mwaka 2015 Barbet Schroeder alimpa nafasi kuu katika "Amnesia", akiwa na miaka 70: mwanamke aliyehamia Ibiza na kukataa kabisa kuongea Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, kwa sababu ya yaliyofanywa na Wanazi. Mtu aliyetumia maisha yake akihama kutoka lugha hadi lugha hangepewa nafasi inayomfaa zaidi.

Ndiyo maana ninamweka juu. Schell alipanda zaidi, lakini kazi ilipomwacha hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Keller kila alipofungiwa mlango mmoja alikuwa na lugha nyingine na jukwaa jingine.

Wa kumlinganisha naye kwa upande wa Kifaransa ni Irène Jacob. Alizaliwa karibu na Paris mwaka 1966 na kukulia Geneva, ambako baba yake alikuwa mwanafizikia wa CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia. Krzysztof Kieślowski wa Poland alimchukua katika "La double vie de Véronique", na mwaka 1991 Cannes ikampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Anacheza wanawake wawili wanaofanana, mmoja wa Poland na mmoja wa Ufaransa. Kipolandi cha yule wa kwanza kilisemwa na mwigizaji wa Poland. Mwaka 1994 walirudi pamoja na "Trois couleurs: Rouge", iliyopigwa Geneva. Uswisi iliipeleka ikashindanie Oscar ya filamu za kigeni, ikakataliwa kwa hoja kwamba haikuwa ya Kiswisi vya kutosha, kisha ikatajwa kwenye vipengele vya mwongozaji, mwandishi na mpiga picha. Tangu 2021 Jacob ni rais wa Institut Lumière, taasisi ya sinema huko Lyon, Ufaransa. Kwa upana wa kazi hamfikii Keller. Kwa filamu mbili tu, anamfikia yeyote.

Waliobaki nyumbani

Hawa nitawapitia haraka, si kwa kuwadharau, bali filamu zao ni ngumu kuzipata nje ya Uswisi. Anne-Marie Blanc, aliyezaliwa Vevey mwaka 1919, alicheza "Gilberte de Courgenay" mwaka 1941, kisa cha binti wa hoteli ya stesheni aliyewafariji wanajeshi wa mpakani wakati wa vita vya kwanza. Nchi ikiwa imezungukwa na Hitler na Mussolini, filamu hiyo iliwapa watu moyo, na hadi kifo chake mwaka 2009 Blanc alibaki Gilberte machoni pao. Mjukuu wake, Mona Petri, ni mwigizaji pia.

Stephanie Glaser ndiye mwenye kisa ninachokipenda zaidi katika kundi hili. Alizaliwa Neuchâtel mwaka 1920, akafanya vichekesho na televisheni kwa miongo mingi, akisaidia wengine kung'ara. Mwaka 2006, akiwa na miaka 86, mwongozaji Bettina Oberli alimpa nafasi kuu ya filamu kwa mara ya kwanza: "Die Herbstzeitlosen", ambamo bibi mjane wa kijiji cha Trub anafungua duka la nguo za ndani za wanawake, na wazee wa kanisa na wanasiasa wa kijiji wanapagawa. Uswisi nzima iliifuata. Tamasha la Locarno lilimheshimu mwaka huohuo.

Wanaofanya kazi sasa

Carla Juri anatoka Ticino, upande wa Kiitaliano, na ameigiza kwa Kijerumani katika "Feuchtgebiete" ya 2013 na kwa Kiingereza katika "Blade Runner 2049" ya 2017. Ella Rumpf, aliyezaliwa Paris na kukulia Zürich, alipata César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya kipaji kipya mwaka 2024 kwa "Le Théorème de Marguerite", akicheza mwanahisabati. Luna Wedler wa Zürich alianza kujulikana na "Blue My Mind" ya 2017. Tofauti na mama zao wa miaka ya 1950, hawa hawalazimiki kuchagua mji mmoja na kuhamia moja kwa moja, na lafudhi si aibu tena. Kati yao Rumpf ndiye ninayemtegemea zaidi, kwa sababu anakubali wahusika wasiopendeka.

Bado soko la Kijerumani hupenda majina ya Kijerumani. Wasomaji wa Kenya watakumbuka "Die weisse Massai" ya 2005, filamu kuhusu mwanamke wa Uswisi aliyeolewa na mwanamume wa Samburu. Nafasi hiyo ya Mswisi ilikwenda kwa Nina Hoss, Mjerumani. Hoss ni mwigizaji hodari, na mwaka 2020 alicheza binti wa Keller katika "Schwesterlein" ya waongozaji wawili wa kike wa Uswisi, lakini mfano huo unaonyesha mzani ulivyolala.

Kinyume chake ni "Die göttliche Ordnung" ya Petra Volpe, ya 2017. Marie Leuenberger anacheza mama wa nyumbani wa kijijini Appenzell anayeanza kudai kura mwaka 1971. Rumpf yumo pia. Wakati ule mume alikuwa na haki ya kumkataza mkewe kufanya kazi nje, sheria iliyodumu hadi mwisho wa 1987. Leuenberger haigizi shujaa. Anaigiza mtu mpole anayeanza kuchoka, na kuchoka huko kunatisha kuliko hotuba.

Basi, nani kwanza?

Kama unataka kitu cha kutazama na familia nzima, shika Pulver na "Das Wirtshaus im Spessart". Anayejifunza Kijerumani naye aanze na Pulver, kwa sababu matamshi yake ni safi na maneno yanasikika. Kwa kikundi cha wanawake au darasa linalotaka kujadili haki, sina la kupendekeza lililo bora kuliko "Die göttliche Ordnung". Mwanafunzi wa uigizaji atazame "Gervaise" mara mbili, kwanza kwa sauti, kisha bila sauti, aone uso wa Schell unavyofanya kazi.

Andress mwache wa baadaye, ukishawajua wengine. Ukimweka wa kwanza, ile bikini itafunika kila kitu. Ukifika kwake, anza na "La decima vittima" kabla ya "Dr. No".

Na anayetaka kufuata maisha ya mtu mmoja hadi mwisho achague Keller: "Marathon Man" kwanza (wenye hofu ya daktari wa meno wajiandae), halafu "Fedora", halafu "Amnesia". "Fedora" uitafute ile ya Kifaransa, maana humo ndimo utakapomsikia.